Siku moja kitaluni: jeraniamu za mwalimu zilizorefuka

Saa 12 asubuhi. Kitalu chetu kiko kando ya barabara ya kwenda Moshi, upande wa Tengeru, na sa hizi mwezi wa saba baridi ya Arusha anaijua anayeiishi, mawingu yamefunga tangu juzi na Mlima Meru hauonekani kabisa. Nikifika simwagilii kwanza, nachomeka kidole kwenye poti moja moja, yenye unyevu naiacha, maana jeraniamu, haya maua ya poti, ikilowa kwenye baridi shina linaoza kuanzia chini linakuwa jeusi na likifika hapo halina dawa. Mwaka jana nilipoteza trei nzima hivyo, iliniuma sana.

Saa 2. Bajaji inasimama, anashuka mama mmoja mwalimu mstaafu na poti 5 za jeraniamu. Shikamoo mwalimu. Marahaba mwanangu, hebu niangalizie watoto wangu hawa. Jamani. Mashina marefu kama mkono wangu, yote yamelalia upande mmoja, majani yako nchani tu, huko chini ni mti mtupu, na kutoka jani hadi jani unaingiza vidole vinne. Alikuwa anaziongezea mbolea ya yurea akidhani zina njaa, kumbe ndo anazidi kuzirefusha. Namuuliza zinakaa wapi, anasema barazani nyuma ya ukuta wa geti. Basi, jibu ni hilo hilo, zinatafuta jua.

Saa 4. Nafuta mkasi kwa spiriti, kila nikihamia poti nyingine nafuta tena. Mwalimu ananishika mkono, mwanangu usikate sana, hiyo ina ua. Namwelewa, amezilea miaka mitatu, lakini ua moja juu ya mti mtupu linakula nguvu yote ya mmea. Nakata juu kidogo ya kifundo, pale jani linapotokea, maana jicho la chipukizi liko hapo, nikiacha kisiki kirefu kitakauka na kuoza. Naondoa kama nusu ya urefu ila nahakikisha kila shina limebaki na majani mawili matatu mabichi, sipendi kunyoa mmea wote siku moja. Ile harufu inayotoka majani yakiguswa, ndo inayonifanya niipende kazi hii.

Saa 7. Ugali maharage, haraka haraka.

Saa 8. Vilivyokatwa havitupwi! Nimepata vipande 17 vyenye urefu wa kidole, nimetoa maua na majani ya chini, nimeviacha kivulini tangu asubuhi ili kidonda kikauke. Navichomeka kwenye mchanga mwingi na udongo kidogo wa msitu, maji mara moja tu, na SIFUNIKI nailoni, watu wanaharibu hapo, jani la jeraniamu lina manyoya, likifungiwa kwenye jasho linaoza. Wiki tatu nne hivi mizizi inakuwa imetoka.

Saa 10. Mwalimu amerudi kuchukua poti zake, anaziangalia kimya muda mrefu. Nikamwambia mwalimu, mkasi peke yake hautakusaidia, ukizirudisha barazani baada ya miezi miwili utaniletea vile vile. Zinataka jua la wazi kwa muda wa masaa sita kila siku, poti uzigeuze kidogo kila wiki, mbolea usiguse mpaka uone machipukizi, na chipukizi likifika majani manne finya ncha yake kwa kucha litoe matawi mawili. Akaandika yote kwenye daftari.

Saa 12 jioni nafunga geti, simu inalia. Picha kutoka kwa mwalimu. Ametoa ndoo zote kwenye kile kisimenti cha kufulia nyuma ya nyumba, upande wa mashariki, kamba ya nguo ameisogeza, na poti zote 5 zimepangwa hapo mstari mmoja. Kaandika, hapa jua linaanza saa moja, panatosha?

Panatosha mwalimu.