Nilivyoichuja orodha: tiba ya matamshi na lugha katika shule za kawaida Tabora

Orodha ya kwanza niliyopokea kutoka shule moja ya Wilaya ya Uyui ilikuwa na majina mengi kuliko watoto ambao ningeweza kuwahudumia mwaka mzima. Mwalimu wa darasa la kwanza aliandika karibu nusu ya darasa lake, na mbele ya kila jina akaweka neno moja: "haongei". Nilikuwa nimekabidhiwa kuratibu huduma ya tiba ya matamshi na lugha katika shule za msingi za kawaida, baadhi zikiwa Manispaa ya Tabora na nyingine vijijini. Timu yenyewe ilikuwa mimi, walimu wawili wa elimu maalumu, na nauli ya bodaboda. Kwa hiyo kazi kubwa ikawa kuchuja. Chuoni tulifundishwa vizuri kumsaidia mtoto aliye mbele yako. Kumpata huyo mmoja katika darasa la watoto 120 ni jambo nililojifunzia kazini, na ndilo ninaloliandikia hapa kwa mwalimu mwenzangu au afisa elimu maalumu atakayepewa mzigo kama huu.

Wengi katika orodha ile walikuwa wazima kabisa. Nyumbani wanazungumza Kinyamwezi, wengine Kisukuma, na wanakutana na Kiswahili siku wanayovaa sare. Mtoto anayeulizwa kwa lugha aliyoisikia wiki tatu tu akanyamaza hana ugonjwa wowote. Lakini mwalimu anadaiwa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), upimaji wa darasa la pili unamsubiri, na mtoto asiyejibu anamtia wasiwasi. Ninamwelewa.

Kanuni niliyoishika inajulikana kwa wataalamu wa fani hii. Mwaka 2017 yalichapishwa makubaliano ya wataalamu wa nchi kadhaa zinazozungumza Kiingereza, wakiongozwa na Dorothy Bishop wa Uingereza, kuhusu tatizo la ukuaji wa lugha kwa watoto. Moja ya hoja zao ni kwamba mtoto anayeimudu vizuri walau lugha moja asihesabiwe kuwa na tatizo hilo kwa sababu tu lugha ya shule bado inamshinda. Tatizo la kweli linaonekana katika kila lugha anayoitumia. Kwa hiyo kabla sijasema lolote nilitaka kumsikia mtoto akizungumza Kinyamwezi. Mimi Kinyamwezi changu ni cha salamu, "mwangaluka" na "mhola", basi. Nilimtumia mama anayepika uji wa shule, mlinzi, wakati mwingine bibi wa mtoto mwenyewe. Nikamwomba amwambie mtoto aeleze jinsi mchezo wao unavyochezwa, au kilichotokea siku ng'ombe walipoingia shambani kwa jirani, kisha aniambie kwa uaminifu: anaongea kama wenzake wa umri wake, au kuna kitu? Mama wa uji alikuwa hodari kuliko fomu yoyote niliyowahi kujaza. Angesikiliza kidogo, acheke, aseme, "Madam, huyu mbona msemaji, tena mwongo." Jina linafutwa.

Kwa wazazi nilikuwa na maswali machache ambayo nimeyabeba hadi leo. Ukimtuma dukani vitu viwili, analeta vyote? Mdogo wake amempita kwa kuongea? Mgeni akija anamwelewa, au mpaka umtafsirie? Alianza kusema maneno lini ukilinganisha na kaka na dada zake? Swali la dukani halijawahi kuniangusha, kwa sababu kila mzazi wa huku anatuma mtoto na anakumbuka yupi anarudi na chumvi wakati ametumwa kiberiti.

Matamshi nayo yalijaza orodha bure. Mtoto anasema "samani" badala ya "thamani", "zambi" badala ya "dhambi", "gali" badala ya "ghali", anachanganya r na l, na imla inarudi na wino mwekundu. Huo ni usemi wa bara nzima, na baadhi ya walimu waliokuwa wakimsahihisha mtoto huyo walitamka vilevile. Tuliwaambia waziwazi, kwa utani, na wakacheka. Hata "kitabu yangu" kwa mtoto anayejifunza Kiswahili kama lugha ya pili si dalili. Iwapo mtoto wa mjini aliyezaliwa na kulelewa kwa Kiswahili amefika darasa la pili na bado anaunganisha maneno mawili mawili bila viambishi, hapo ninakaa chini.

Halafu masikio. Hakuna aliyeingia kwenye huduma yetu kabla hatujahakikisha anasikia. Tulianza na njia ya kienyeji: unasimama nyuma ya mtoto, mbali kidogo, chini ya mwembe ambako kuna utulivu, unamnong'oneza maneno anayoyajua ayarudie. Njia hii haipimi kiwango, ila inakuonyesha nani wa kumpeleka. Ukiona usaha unatoka sikioni, au mzazi anasema limekuwa likitoka na kukauka tangu utotoni, huyo anakwenda hospitali kwanza. Kwetu ilikuwa zahanati, kisha hospitali ya mkoa ya Kitete. Watoto kadhaa walioandikwa "mkaidi" walikuwa hawasikii vizuri, na mvua ikipiga bati la darasa hawasikii kabisa. Mtoto kiziwi ni habari nyingine. Yeye anahitaji lugha ya alama, na Tabora tuna bahati ya kuwa na shule ya viziwi tangu 1963. Kumlazimisha kutamka herufi wakati anaweza kupata lugha kamili kwa mikono naona ni kumpotezea utoto.

Kuchuja kulipokwisha, lilitokea jambo nililolitarajia nusunusu: orodha ilibaki fupi mno. Utafiti wa Bruce Tomblin wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, na wenzake, uliochapishwa 1997, ulikuta kama watoto 7 katika kila 100 wa umri wa chekechea wana tatizo la lugha lisilotokana na uziwi wala ulemavu wa akili. Siwezi kuuhamishia Uyui kama ulivyo, lakini darasa la watoto 120 likiniletea jina moja, ninajua kuna walioachwa. Walioachwa ni wapole. Mwalimu anamwandika anayesumbua, na anamsifu binti anayekaa nyuma, anayeandika kwa mwandiko mzuri alichonakili kwa jirani, anayeitikia "ndiyo" kwa kila swali. Kwa hiyo nilibadilisha ombi. Badala ya kusema "niandikie wenye matatizo", niliwaomba walimu waniandikie watoto ambao hawajawahi kuwasikia wakisimulia jambo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo wale wa kweli walipoanza kuja, na wengi wao walikuwa wasichana.

Vipimo vya lugha vilivyosanifiwa kwa watoto wanaozungumza Kiswahili hatukuwa navyo mkononi. Upo utafiti mdogo uliochapishwa 2015 kuhusu ukuaji wa matamshi ya Kiswahili kwa watoto wadogo wa Dar es Salaam, na unasaidia, lakini mtoto wa Dar es Salaam si wa Uyui. Seti ya picha tuliyopewa na wafadhili ilikuwa na mtu wa theluji na sanduku la barua la nje ya nyumba. Tuliiweka kabatini tukachora zetu: kinu, mzinga wa nyuki, baiskeli yenye gunia la mkaa, bibi akianika michembe. Pia tuliacha kumpima mtoto mara moja na kumhukumu. Unampima, unamfundisha kidogo maneno mapya au namna ya kusimulia, unarudi kumpima. Anayeshika haraka alikosa nafasi tu. Anayebaki palepale baada ya kufundishwa vizuri ndiye wako.

Mwalimu mkuu mmoja alinipa chumba, tena alikipaka rangi, akaandika mlangoni "Tiba". Nilimshukuru sana, nikaomba kitumike kama maktaba. Mtoto anayetolewa darasani kila Jumanne anakosa kusoma na anapewa jina la utani, na anachojifunza chumbani anakiacha mlangoni. Nilitaka kazi ifanyike ndani ya darasa, na mfanyaji awe mwalimu wake. Tulipenyeza mada zetu kwenye vikao vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, kwa kuwa vilikuwa tayari kwenye ratiba na havihitaji posho mpya. Mambo yenyewe yalikuwa ya kawaida: uliza swali kisha nyamaza, mpe mtoto muda, fundisha maneno magumu ya somo kabla ya somo, maelekezo mawili, si matano kwa mpigo, mtoto akisema "yeye kwenda jana mnadani", mjibu "kumbe alikwenda mnadani jana!" bila kumkemea. Kunyamaza baada ya kuuliza ndiko kulikowashinda walimu zaidi. Mwalimu wa darasa lililojaa anaogopa ukimya.

Kwa watoto wenye kigugumizi tulipata mafanikio ya haraka kuliko nilivyodhani. Walimu waliacha "vuta pumzi, anza upya", wakaacha kummalizia mtoto neno, wakaweka utaratibu wa kusoma wawili wawili kwa sauti moja. Mwenye kigugumizi akisoma pamoja na mwenzake maneno humtoka kwa ulaini, kama anavyoweza kuimba bila kukwama. Kigugumizi hakiponi kwa hilo, ila mtoto anashiriki somo na hachekwi.

Chumba nilikihitaji kwa wachache tu, hasa watoto waliofanyiwa upasuaji wa mdomo sungura au kaakaa lililo wazi, wengine katika hospitali ya Bugando, Mwanza. Baadhi ya waliokuwa na kaakaa lililo wazi sauti huendelea kutokea puani, na wanahitaji mazoezi ya ana kwa ana. Nilipiga marufuku kupuliza maputo na kunyonya mirija, mazoezi yanayopendwa sana kwenye semina. Kupuliza kunamfanya mtoto awe hodari wa kupuliza. Anayetaka kutamka p na b afanye mazoezi ya p na b.

Wazazi walikuja na yao. Wapo waliokwisha kumpeleka mtoto kukatwa kimeo ili aongee, wapo waliotaka kamba ya chini ya ulimi ikatwe na mzee wa kijiji. Sikubishana na imani ya mtu mbele ya watu. Nilimwambia mzazi kimeo hakihusiki na kuchelewa kuongea, na kwamba kisu kile kinaleta damu na maambukizi, nikampa kazi ya kufanya badala yake: jioni mkipukuchua karanga, mpe nafasi asimulie, msimuulize maswali ya mtihani. Bibi ndio waliokuwa wanafunzi wangu bora. Ratiba ya wazazi niliifuata kama ilivyo. Msimu wa kuvuna na kukausha tumbaku huitishi kikao, labda uhutubie madawati.

Lililonisumbua hadi mwisho ni uhamisho. Unamwandaa mwalimu, anaiva, inakuja barua anahamia wilaya nyingine, Kaliua. Tuliamua kila shule iwe na walimu wawili waliofundishwa, na kila mtoto awe na ukurasa wake kwenye daftari moja: lugha ya nyumbani, masikio yalipimwa lini, nini kinamsaidia darasani, nani wa kumpigia simu nyumbani. Daftari linakaa kwa mwalimu wa taaluma na haliondoki shuleni. Mwalimu mpya akiripoti, anakabidhiwa siku ileile anapopewa chaki na ratiba.