Mama hataki kubebwa

Mama yangu alipata kiharusi 2021, upande wa kushoto ukagoma, na tangu hapo anatembelea kiti mwendo. Alifundisha shule ya msingi miaka 33, akili iko timamu kabisa na sauti ni ileile ya kunyamazisha darasa zima. Wiki mbili zilizopita nilimpeleka mjini kwenda kuhakikiwa pensheni, sasa yaliyotokea huko ndo yamenifanya niandike maana kila nikilala yananirudia.

Ofisi sitaitaja. Ni hapa hapa Dar, jengo zuri la vioo, na kabla ya mlango kuna ngazi tano. Kufika tu mlinzi akaja mbio, kijana mpole kwakweli, "shikamoo mama, usiwe na wasiwasi tunakubeba", akamwita mwenzake na kijana mwingine aliyekuwa anajipitia zake, wakakamata kiti huku na huku kabla mama hajaitikia hata hiyo shikamoo. Kiti kikalala nyuma, kanga ikaanza kuporomoka mapajani, na mama mkono unaofanya kazi ni mmoja tu, sasa ashike kanga au ashike kiti asidondoke? Akashika kiti. Mimi nikaiwahi kanga. Foleni nzima imegeuka inatuangalia, wamama wanasema pole mama, pole jamani. Tulipofika juu wale vijana wakafuta jasho, wakatabasamu, nami nikawashukuru sana kwasababu ni kweli walitutendea wema. Mama alinyamaza mpaka jioni tuko kwenye bajaji tunarudi ndo akaniambia, "mwanangu, mimi sio gunia."

Na ngazi zile tano zilikuwa mwanzo tu. Chumba cha uhakiki kiko ghorofa ya pili, lifti imebandikwa karatasi kuwa ni mbovu, na karatasi yenyewe imeshageuka njano. Wale vijana wakaja tena kubeba, mama akakataa, akasema nitakaa hapa hapa mapokezi mpaka anayenihitaji ashuke. Tumekaa saa moja na nusu. Mwishowe dada mmoja ofisa akashuka na kile kimashine cha kuchukulia alama za vidole, jamani ni kitu kinachokaa kwenye kiganja, akamwamkia mama, akamwekesha kidole, akaangalia kitambulisho, dakika nne hazikufika kazi imekwisha. Yaani kitu cha kushushwa ngazi kwa mkono mmoja kinakaa juu, anayepandishwa ni mama mwenye kiharusi.

Nimefikiria sana nikaona hivi, sisi tuna huruma nyingi na huruma hiyo ndo inatufanya tusijenge. Kila palipo na ngazi kuna vijana wa kubeba, basi anayesimamia jengo haoni tatizo, kwake mgeni ameingia na ametoka, yameisha. Hajui kwamba kuna wengine hawakuja kabisa kwasababu hawakutaka kubebwa. Mama mwenyewe kwenye harusi ya mtoto wa mdogo wake hakwenda, alisema kichwa kinamuuma, baadae sana nikaja kujua aliuliza ukumbi uko ghorofa ya ngapi.

Na siku akitoka hanywi kitu. Hilo nililigundua kwa kuchelewa na liliniumiza kuliko hata ngazi. Siku ya safari ya mjini asubuhi chai hagusi, maji anasukutua tu, dawa za presha anazimeza na funda moja, sababu anajua huko tuendako hakuna choo cha kumwingiza. Kiti chake upana ni sentimita 65, milango mingi ya vyoo nilivyopima ni 60, mingine 70 lakini ukishaingia huwezi kugeuka wala kufunga mlango, na ili kiti kizunguke vizuri inatakiwa nafasi ya mita moja na nusu kwa mita moja na nusu. Vile vichache vyenye alama ya kiti mwendo mlangoni, mara mbili nimekuta ndani mafagio na ndoo za mtu wa usafi, na ufunguo anao yeye na yeye ameenda kula. Mtu wa presha na kiharusi anashinda na kiu kwenye joto la Dar kutwa nzima kwasababu ya mlango.

Mtu wa kutuendesha ni kaka mmoja dereva wa bajaji ambaye naye ni mlemavu wa miguu toka utotoni, bajaji yake breki kaihamishia mkononi, kiti cha mama anakikunja na kukifunga nyuma kwa mpira wa baiskeli na hakijawahi kulegea hata mara moja. Huyu mji mzima anao kichwani. Ukimwambia jengo fulani anakwambia mbele kuna ngazi saba ila zungukeni nyuma kwenye mlango wa kushushia mizigo kuna mteremko. Kwanza nilidhani amebahatisha, lakini karibu kila jengo kubwa alilotuelekeza ni hivyo hivyo, nyuma kuna mteremko mzuri wa zege kwa ajili ya toroli la maboksi ya maji na karatasi za printa, na mbele watu wamewekewa ngazi. Kwahiyo kujenga wanajua, fundi yupo, ramani ipo. Maboksi yalifikiriwa, mama hakufikiriwa.

Halafu kuna mteremko na mteremko. Hili nimelijua kwa kulipia. Nyumbani tuna ngazi tatu barazani, kila moja sentimita 15, jumla 45. Fundi wa kwanza akaniwekea mteremko wa mita mbili, nikamsifu, tukajaribu siku hiyohiyo na mama akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea getini, nilimdaka kwa mgongo. Baadae nikasoma kwamba kipimo kinachotumika ni kila sentimita moja ya kwenda juu uwe na sentimita 12 za urefu, maana yake sentimita zangu 45 zinataka mita 5 na nusu kasoro kidogo, na hapo mbele nafasi niliyonayo ni mita tatu. Tukavunja tukaanza upya, unapanda kidogo, unafika sehemu tambarare unapumzika na kugeuka, unapanda tena, pembeni chuma cha kushikia na kingo fupi ili tairi lisichomoke. Ilikula mifuko 9 ya saruji na kokoto za kuungaunga. Sasa mama anatoka mwenyewe asubuhi, anakaa chini ya mwarobaini anasalimiana na wapita njia, simsukumi mimi wala mtu yeyote. Ndo maana nikiona huko mjini wameweka kile kibati kimesimama kama paa la nyumba halafu wanasema tumezingatia watu wenye ulemavu, najua aliyekiweka hajawahi kumpandisha mtu pale.

Mabasi ya mwendokasi, yale yenye njia yao peke yao, waliojenga walifikiria, lazima niseme. Ilipoanza 2016, Kimara mpaka Kivukoni, vituo viko katikati ya barabara na unaingia kwa mteremko, na sakafu ya kituo inalingana na mlango wa basi, kwahiyo kiti kinaingia kwa kusukumwa tu bila kunyanyuliwa. Mara ya kwanza mama kupanda, saa nne asubuhi hakuna watu wengi, aliangalia ule mlango kama sekunde kadhaa, akaniambia niachie, akajisukuma mwenyewe kwa ule mkono mmoja na mguu mmoja mpaka ndani. Alikaa dirishani anasoma mabango yote ya Morogoro Road kwa sauti kama mtoto. Shida inakuja ukishashuka, njia ya waenda kwa miguu mara imekatika, mara pikipiki zimepaki, mara mtaro umefunguka kwasababu mfuniko wa chuma umeibiwa ukauzwa skrepa. Shimo kama hilo mimi nitalizunguka, mama atakwama, ila asiyeona mwenye fimbo nyeupe anaingia mzima mzima.

Na sio miguu tu. Jirani yetu ni kiziwi, hospitalini anakaa kwenye benchi kutwa anaangalia midomo ya manesi, kwasababu wanaita majina kwa sauti na jina likishapita limepita, anahesabika hayupo. Siku hizi anaenda na mtoto wake wa miaka 11, mtoto anaacha shule ili asikilize jina la baba yake. Kumpa namba ya karatasi na kuandika namba ubaoni kwa chaki kuna gharama gani jamani.

Sheria tunayo toka 2010, ya watu wenye ulemavu, na mwaka mmoja kabla yake nchi ilisharidhia mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao ibara ya 9 inazungumzia haya haya, majengo, barabara, usafiri, taarifa. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, jambo zuri sana. Yule kaka wa bajaji alienda kufuatilia hiyo ya asilimia mbili, ofisi ya kuchukulia fomu iko juu. Alipanda kwa mikono, anakaa ngazi moja anajivuta anakaa nyingine, suruali yake ya kwenda ofisini.

Kwa ile ofisi ya mama nimeandika barua. Sikuandika malalamiko mengi, niliandika vipimo, maana nilirudi jumatatu na futi nikapima nje pale. Ngazi tano, sentimita 16 kila moja, jumla 80, kwahiyo mteremko wa mita 9 na sentimita 60, ukikunjwa mara moja unaenea vizuri kabisa pale kwenye bustani ya maua bila kugusa maegesho, nikachora na picha. Na chini nikaomba kwamba wakati wanajipanga, chumba kimoja cha chini kiwe cha uhakiki kwa wazee na watu wenye ulemavu, pale mapokezi kuna chumba kimejaa viti vibovu nimekiona. Katibu muhtasi aliisoma yote akiwa amesimama, akagonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mama ndo yule mwalimu wa siku ile. Nikamwambia ndo yeye. Uhakiki mwingine ni mwezi wa tatu, nitaenda mwezi wa kwanza na futi yangu.