GRUB ilivyoigomea diski niliyoifomati mwenyewe

Laptopu yangu ya Debian 11 (aina ya Linux) ilianza kulalamika kuwa diski imejaa, na mimi naona gigabaiti 12 ziko tupu. Nikapiga `df -i`: asilimia 100. Kumbe zilizokwisha ni inodi, yaani vile vijirekodi vinavyotunza habari za kila faili. Kila faili hula inodi moja, na kwenye ext4, mfumo wa faili wa diski yangu, idadi yake hupangwa siku ya kufomati. Patisheni yangu ya GB 40 ilikuwa nazo kama milioni 2.6, na miradi yangu ya JavaScript, yenye yale mafolda ya `node_modules`, ilizitafuna zote.

Nikawasha mashine kwa fleshi ya uokoaji, nikahamishia kila kitu diski ya nje, nikafomati upya kwa `mkfs.ext4 -i 8192` ili inodi ziwe maradufu. UUID, namba ya utambulisho ya patisheni, nikaibakiza ileile kwa `-U`, nikijiona fundi kwelikweli: fstab (orodha ya patisheni za kupandishwa) haitashtuka, GRUB (programu inayowasha mfumo) haitashtuka. Nikarudisha faili, nikazima, nikawasha.

`error: unknown filesystem.`
`Entering rescue mode...`
`grub rescue>`

Mdogo wangu alikuwa amekaa pembeni. "Kaka, si upige Windows tu yaishe?" Nikamwambia aende akanichemshie chai.

Nikaandika `ls`, patisheni ikajitokeza: `(hd0,msdos1)`. Nikaandika `ls (hd0,msdos1)/`, jibu lilelile: mfumo wa faili haujulikani. `insmod`, amri ya kupakia moduli (vipande vya ziada vya GRUB), nayo haikufaa kitu, maana moduli zimo ndani ya hiyo hiyo patisheni isiyosomeka.

Hapo ndipo nilipopotea. Nilishika wazo kwamba GRUB imeharibika, basi nikarudi kwenye fleshi, nikaingia kwenye mfumo wangu wa diski kwa `chroot`, nikapiga `grub-install /dev/sda` kuisakinisha GRUB upya. Nayo ikakataa: "unknown filesystem". Nikarudia mara tatu, nikibadilisha hiki na kile, chai ikapoa. Mara ya tatu ndipo nikajiuliza: mbona keneli ya fleshi inaisoma patisheni hii bila shida, faili zote zipo, na `e2fsck`, programu ya kukagua diski, haioni kosa? Basi diski ni nzima. Asiyejua kusoma ni GRUB.

Nikapiga `dumpe2fs -h /dev/sda1` nikalinganisha mstari wa "Filesystem features" na ule wa diski ya nje, niliyoifomati miaka mingi nyuma. Maneno mawili yalikuwa mageni: `metadata_csum_seed` na `orphan_file`. Fleshi ilikuwa na e2fsprogs 1.47 (kifurushi chenye `mkfs.ext4` na `e2fsck`), toleo la 2023 lililoanza kuviwasha vipengele hivi lenyewe unapofomati. GRUB 2.06 ya Debian 11 haikijui hicho cha kwanza. GRUB ilikuja kukisoma rasmi katika toleo la 2.12, Desemba 2023. Kazi ya kipengele hicho ni kuwezesha UUID kubadilishwa bila kuandika upya hesabu zote za ukaguzi (checksum). Na mimi UUID ndiyo kwanza nilikuwa nimehangaika isibadilike!

Nikaishusha patisheni (unmount), nikapiga `e2fsck -f /dev/sda1`, kisha nikakizima kipengele hicho:

`tune2fs -O ^metadata_csum_seed /dev/sda1`

Nikawasha. Menyu ya GRUB hiyo hapo. Nikamwita dogo aje aone, na mbele ya macho yake mashine ikakwama tena, safari hii baada ya keneli kupanda: `FEATURE_C12`, halafu "Get a newer version of e2fsck!" Hiyo C12 ndiyo `orphan_file`, niliyoiacha kwa kuwa GRUB haina ugomvi nayo. Sikuifikiria `e2fsck` ya Debian 11, ambayo ni ya zamani kuliko kipengele chenyewe, na ambayo hukagua diski kila mashine inapowaka. Nikarudi kwenye fleshi, nikapiga `tune2fs -O ^orphan_file /dev/sda1`, nikawasha tena, ikapanda mpaka mwisho.

`df -i` sasa inasoma asilimia 50. Ile fleshi nimeibandika karatasi: "Kuokolea tu. Usifomatie."