Peke Yangu Kutoka Galveston

Kwa msafiri wa peke yake anayehesabu kila dola, napendekeza aanzie Galveston, Texas, ambako kivuko cha serikali ya jimbo humvusha yeye na gari lake hadi rasi ya Bolivar bila malipo, usiku na mchana, huku pomboo wakiibuka mara kwa mara kandokando ya chombo. Kabla ya kuvuka, atembee mjini kwa miguu, kwani ni hapo ambapo tarehe 19 Juni 1865 watumwa wa Texas walitangaziwa uhuru wao, jambo lililonigusa sana. Ng'ambo, barabara namba 87 hufuata ufuo hadi High Island. Kipande kinachofuata kimeliwa na bahari, hivyo nilikata kaskazini kuelekea Winnie.