Kiraka cha Kiganjani

Juzi nakanda unga wa chapati, kitindamimba wangu akanishika mkono wa kulia, akaugeuza.

"Mama, mbona hapa katikati peusi?"

"Ni ngozi ya paja."

"Paja limefikaje mkononi?"

Mnaonijua mmekiona hicho kiraka, kikubwa kama kiberiti. Viganja vyetu ni vyeupe, paja jeusi, na ngozi ikihamishwa haisahau ilikotoka.

Nilikuwa na miaka 9, mwaka 1996. Kabla ya hapo mkono huo ulikuwa ngumi. Niliangukia makaa mafigani kabla sijatimiza miaka 2, kiganja kikatangulia. Bibi alipaka asali, akabandika manyoya ya sungura. Mama akavikunja vidole vyangu taratibu, akauviringisha mkono kwa kipande cha kanga ili uchafu usiingie. Kidonda kikapona vizuri kabisa, kikapona kimefumba. Miaka yote hiyo mama alikuwa akipenyeza ncha ya kanga yenye maji ya sabuni ndani ya ile ngumi kila jioni, maana jasho lilikuwa linaoza humo, na kucha alizikata kwa wembe zisinichome.

Daktari kule Moshi alimweleza kwa upole kwamba kidonda cha moto hupona kwa kujivuta, kwa hiyo mkono ulitakiwa ufungwe ukiwa wazi, kila kidole peke yake. Tena mfupa wa mtoto unakua na kovu halikui, ndiyo maana kila mwaka ulizidi kujikunja. Hakumlaumu hata kidogo. Mama aliitikia "ndiyo" kila sentensi, huku anazungusha pindo la kanga kwenye kidole chake mpaka ncha ikabadilika rangi.

Upasuaji wenyewe siujui, nilipigwa nusukaputi. Nilipozinduka mkono ulikuwa umening'inizwa juu na paja ndilo lililokuwa linawaka.

Siku ya tano wakaja kufungua. Nesi aliweka beseni chini ya mkono, akawa anamimina maji ya chumvi ya uvuguvugu, kidogo kidogo, bandeji ilainike. Akatoa tabaka moja, akamimina. La pili, akamimina. Harufu ilikuwa ya damu iliyolala na dawa. Kiganjani palikuwa na kifurushi cha pamba kilichoshonewa pale kwa nyuzi, kuikandamiza ngozi mpya ishike. Akawa anakata uzi mmoja mmoja, na kila mkasi ulipolia nilikuwa nafumba macho. Kifurushi kikatoka. Nikafumbua.

Ngozi ilikuwa na rangi ya zambarau mbivu. Juu yake vidole vinne vimenyooka kama vya mtu mwingine, kila kimoja kina waya ndani ya mfupa, na ncha zimechomoza kama spoku za baiskeli. Sikuwahi kukiona kiganja changu. Sikujua kina ukubwa gani. Mama hakukiangalia kidonda. Alileta kiganja chake chini ya changu, bila kunigusa, akalinganisha kidole kwa kidole, akasema polepole, "Kumbe una vidole vya baba yako."

Nesi alisimama na mkasi wake, akamwacha.

Waya zilitolewa baada ya wiki 3, kwa koleo, nikiwa macho. Kisha miezi 6 ya kulala na nusu hogo, plasta ngumu ya upande mmoja, na mazoezi asubuhi na jioni: maji ya moto kiasi, mafuta ya mgando, halafu mama anavuta. Nililia, naye alilia, na hakuacha kuvuta. Vitatu vikanyooka. Cha mwisho kilirudi kujikunja kidogo nilipoanza kurefuka. Daktari alishasema huenda nikahitaji kurudi. Hatukurudi, nauli na ada ya shule zilikuwa mfuko mmoja.

Mpaka leo nikiona mtoto ameungua mkono na amefungwa ngumi, siwezi kupita. Akiungua tu: maji safi ya bomba yanayotiririka, dakika 20, kitambaa safi, kiganja wazi, hospitali. Nimewahi kumsimamisha dada mmoja stendi, nikamwonyesha wangu.

Mtoto aliyasikiliza yote, unga umemganda puani. Halafu akauliza, "Sasa aliyekufunga vibaya ni nani?"

Niliendelea kukanda. Bibi yake anakuja Jumamosi. Ningemwambia ni yeye, ningekuwa nimesema kweli, na bado ningekuwa nimemdanganya.

Mama nikimwamkia, "Shikamoo," anaitikia marahaba huku ameshaugeuza mkono wangu. Anapitisha kidole gumba kiganjani, anavinyoosha vidole kimoja kimoja, miaka yote hii. Akifika cha mwisho anakivuta kidogo, anakishikilia hapo.