Ziwa Nyasa likitazamwa kutoka Kibirizi

Jioni moja mwaloni Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, wavuvi walipokuwa wakifunga taa za dagaa kwenye mitumbwi, mzee mmoja aliniuliza kwa nini Ziwa Nyasa lina mgogoro wa mpaka ilhali Tanganyika, linalogawanywa na nchi nne, limetulia.

Nilimjibu kwamba Malawi inashikilia mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1 Julai 1890, ulioupitisha mpaka kwenye ufukwe wa mashariki, na Tanzania inadai mstari wa katikati ya maji. Azimio la Cairo la 1964 la Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), la kuheshimu mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru, linaipa Malawi nguvu, nakiri kwa shingo upande, ingawa Ibara ya VI ya mkataba huohuo wa 1890 iliruhusu mpaka urekebishwe kwa makubaliano.

Usuluhishi wa marais wastaafu chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji haukuumaliza ubishi. Ipo njia ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo mwaka 1999 iliutafsiri mkataba huo wa 1890 na kuipa Botswana kisiwa cha Kasikili katika Mto Chobe, huku Namibia ikibakiziwa haki ya kupitisha vyombo vyake pande zote mbili. Lakini huko hufikishwi bila ridhaa yako.

Kwa maoni yangu, lililo karibu zaidi ni mgogoro kubaki kiporo, labda pamoja na mapatano ya uvuvi na usafiri yasiyougusa mpaka.

“Na mafuta yakipatikana chini?” akauliza mzee, akiikaza kamba.