Siku moja ya fundi wa kukwangua chokaa, Mtwara

Saa moja na nusu asubuhi, Chikongola. Kazi ya kwanza ni kumwaga majagi manne ya umeme yaliyolala na siki. Kikombe cha siki kwa kikombe cha maji, unachemsha mara moja, unazima, unaliacha mpaka asubuhi. Ukoko mweupe, yaani chokaa inayoachwa na maji, unabanduka wenyewe kama ganda la yai. Suuza, chemsha maji matupu, mwaga. Wengi hufika wakiwa wameshakwangua kwa kisu, na jagi lililotoboka chini halina dawa.

Pasi mbili za mvuke zilizoziba matundu, nusu saa, zimetoka.

Saa tatu na robo ikaja simu ya Shangani: nyumba ya wageni, boila (tenki la umeme la maji moto) ya lita 50 inaangusha breka. Hapo ndipo siku ilipoliwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fundi mwenzio aliniwekea hita feki mwezi wa saba. Leo wa kumi, imekufa. Weka nyingine uende, wanunuzi wa korosho wanaingia jioni."

Kwa fundi wa mji huu kuna maneno mawili hayaishi masikioni: "feki" na "maji ya chumvi". Maji ya chumvi ni ya kisima kilichoingiliwa na bahari. Ukionja unajua, na kazi yake kubwa ni kutu. Maji magumu ni kitu kingine. Yamepita kwenye mawe ya chokaa na matumbawe, yakabeba kalisiamu na magnesiamu, na mdomoni unaweza usiyagundue. Yakiwa baridi yanatulia. Yakipata moto, chokaa inajitenga na kuganda penye joto kuliko pote, yaani juu ya elementi yenyewe, ile hita iliyo ndani ya tenki. Kisima kimoja kinaweza kuwa na yote mawili.

Breka chini, testa kuhakikisha umeme umekatika. Funga maji baridi, fungua bomba la moto ili hewa iingie, kisha toa maji kwa mpira. Elementi ya wati 1500 ikiwa nzima husoma omu 35 hivi kwenye mita ya kupimia, na kati ya ncha yake na mwili wake mita isionyeshe kitu. Hii ilisoma 36, ila kati ya ncha na mwili mita nayo ilisoma, yaani umeme ulikuwa unavuja. Maana yake waya wa ndani mzima, ganda ndilo lililopasuka. Chokaa ikiwa nene joto halipati pa kutokea, ganda linajipika mpaka linachanika, maji yanaingia kwenye ule unga mweupe wa ndani unaotenga waya na ganda. Elementi halisi ya bei mbaya ingekufa vilevile.

Kuitoa nayo ni kazi. Imevimba kwa ukoko kama muhogo, haipiti kwenye tundu lake, inabidi uivunjevunje polepole kwa koleo bila kukwaruza tenki. Nyuma yake kulikuwa na robo ndoo ya vipande, vinachotwa kwa mkono. Ufito wa magnesiamu, ule unaoliwa na kutu badala ya tenki, umebaki waya mtupu.

Mama akasimama mlangoni muda wote. "Mbona natia shabu kwenye simtanki? Na chujio nimenunua!" Shabu inatuliza tope. Chujio la mchanga linazuia mchanga. Chokaa imeyeyuka majini kama sukari kwenye chai, inapita kote humo bila hodi. Cha kuiondoa ni mtungi wa kulainisha maji unaooshwa kwa chumvi, na kwa vyumba sita hesabu yake aifanye mwenyewe.

Hakuamini. Nikachukua chupa mbili za nusu lita, moja ya bomba lake, moja ya mvua iliyobaki kwenye pipa tangu masika. Vipande sawa vya sabuni ya mche, tikisa. Ya mvua ikajaa povu mpaka shingoni. Ya bomba ikawa nyeupe kama tui, juu utando. Akanyamaza, ingawa si kwa muda mrefu.

Elementi mpya, gasketi mpya (ya zamani usirudishe hata ikionekana nzima), ufito mpya. Thamostati ilikuwa mwisho kabisa, nikairudisha 60, maana joto likizidi hapo chokaa inaganda kwa kasi. Kisha maji yajae mpaka yatoke bomba la moto bila kukohoa, ndipo breka ipande. Ukiwasha tenki tupu, elementi inaungua papo hapo. Kwa kisima kile, ifunguliwe kila miezi sita.

Akataka punguzo kwa sababu nilichelewa kumaliza.

Jua limeshakuwa kali, mgongo haunyooki. Njiani mtu ananiuliza kama maji ya betri yanasafisha haraka kuliko siki. Hiyo ni asidi kali, inakula chuma. Na siki usiichanganye na jiki, inatoa hewa ya sumu.

Kibandani mashine ya kufulia inasubiri, ya mteja wa Mikindani, haijazi maji. Kabla ya kufungua bodi, chomoa mpira wa nyuma uangalie kichujio kidogo pale maji yanapoingilia. Kimeziba, mchanga na chokaa. Nimekitumbukiza kwenye siki, halafu mashine ikazunguka tupu kwa nyuzi 60 na gramu 100 za asidi ya sitriki. Magharibi imeingia bado inazunguka, na LUKU imebaki uniti mbili.